Bisibisi Nyuma ya Sikio

Mume wangu ni fundi wa mafriji, na watu wanamwita Sikio. Jina hilo hakupewa na mama yake wala na mimi. Alipewa na wateja, kwa sababu ya namna anavyofanya kazi. Ukimletea friji iliyogoma, hafungui kitu. Anaichomeka kwenye umeme, anachukua bisibisi yake ndefu yenye mpini wa mbao, ncha anaigusisha kwenye mota, na mpini anaukandamiza kwenye ule mfupa wa nyuma ya sikio. Kisha anafumba macho. Hapo kila aliye karibu ananyamaza, na hata mwenye mtoto mchanga anamwahi kumpa titi asije akalia, maana wanajua Sikio akikatizwa anaanza upya, na akianza upya ananuna. Akifumbua macho anatoa hukumu: beringi imelegea, au gesi imepungua, au friji ni nzima, mbovu ni wewe unayeingiza sufuria za moto.

Karakana yake ni kibanda cha mabati ubavuni mwa nyumba yetu. Milango ya mafriji imeegemezwa ukutani, mota zimepangwa kwenye rafu, na kila kitu kinanuka oili. Bisibisi yenyewe hailali huko. Inalala chumbani, juu ya stuli iliyo upande wake wa kitanda. Nimeshawaambia mashoga zangu kwamba mke mwenzangu ninaye ndani ya nyumba, ni mwembamba, ana kichwa cha mbao, na yeye ndiye anayesikilizwa.

Nilisema hivyo kwa utani, lakini nilikuwa na kinyongo. Mimi nilikuwa sisikilizwi. Nilikuwa nikimwita kutoka jikoni, kimya. Namwambia maji ya kuoga yamechemka, ataoga sasa au baadaye, kimya. Nikiingia na kusimama mbele yake nimeshika kiuno, anainua macho na kutabasamu kama mtu asiye na kosa lolote duniani. Nilidhani ni kiburi cha uzeeni. Kwa miezi mingi niligombana na mgongo wake, na mgongo haukunijibu, nikazidi kupandwa na hasira.

Siku moja nikiwa nyuma yake sinia la vikombe likaniponyoka. Vikombe vilivunjika vyote, paka akaruka dirishani, na jirani akauliza kwa sauti kuna nini. Mume wangu aliendelea kumenya chungwa lake. Hakugeuka. Nilisimama katikati ya vigae nikimtazama shingo, na ile hasira yote ikaniishia pale pale. Nikaelewa kwamba hanidharau. Hanisikii.

Sasa hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Kwa maana kesho yake aliletewa friji, akaweka bisibisi nyuma ya sikio, akafumba macho, akasema kuna kijiwe cha kutu kinacheza ndani ya bomba la kurudishia gesi. Akalikata bomba mbele ya wenye friji, wakakuta kijiwe. Mtu hasikii sinia la vikombe, anasikiaje kijiwe? Nilianza kufikiri labda anachagua. Nilianza kufikiri labda mimi ndiye mgonjwa. Baadaye sana, hospitalini, tulielezwa kwamba sauti za watu zinapita kwenye tundu la sikio, na lake lilikuwa linajifunga, lakini mtetemo ukigusishwa kwenye mfupa unafika ndani bila kupita tunduni. Tundu lilikuwa linakufa, mfupa ulikuwa hai. Wakati ule sikuyajua hayo. Yeye aliyajua kwa njia yake: dunia yote ilikuwa inanyamaza, isipokuwa kile kilichopitia kwenye bisibisi. Ndiyo maana aliing'ang'ania, na hakumwambia mtu.

Mtaniuliza mbona sikumwambia kwamba najua. Nilimwambia. Nilimwambia mara nyingi, nikiwa naosha vyombo, yeye amenipa mgongo anakula. Nilisema taratibu, kwa upole kabisa: baba watoto, masikio yako yanakwisha, twende hospitali, mimi sitakuacha. Nikimaliza nilijisikia nafuu kwamba nimesema, nikaendelea kusugua sufuria.

Basi, mambo yalikuwa hivyo wakati kikundi chetu kilipopata mashine.

Kikundi chetu ni cha wanawake wenye ng'ombe wa maziwa. Maziwa ya asubuhi hayana shida, gari la kiwanda linayachukua. Shida ni ya jioni. Yanalala kwenye chumba chetu cha maziwa mpaka gari lije, na umeme ukikatika, nao kukatika ni kazi yake, asubuhi tunakuta yameganda na tunawapa ndama. Ndipo mwalimu mmoja wa chuo cha ufundi, binti mpole mwenye miwani, akaja na habari ya mashine ya kutengeneza barafu. Alisema chuo kinataka kuijaribu kwa watu wanaoihitaji kweli. Barafu ingezunguka madumu, na maziwa yangelala salama.

Alituitia mkutano kwenye chumba cha maziwa. Waume walioweza walikuja, na wangu alikuja pia, kwa kuwa ni fundi. Akakaa benchi la nyuma.

"Ndani ya sanduku hili jeusi la juu kuna mkaa," mwalimu alisema, akionyesha mchoro. "Si mkaa wa kupikia. Umetengenezwa uwe na vitundu vidogo mno visivyoonekana. Mvuke wa spiriti unanata kwenye kuta za vitundu hivyo. Mchana jua linaupasha mkaa joto, mvuke unaachia, unatoka, unapita kwenye bomba hili, unapoa, unakuwa majimaji na kudondoka kwenye tangi la chini. Jua likizama mkaa unapoa, na ukipoa unautaka tena mvuke wake. Unauvuta. Ile spiriti ya kwenye tangi inageuka mvuke ili ipande, na ikigeuka mvuke inachukua joto la maji yaliyo pembeni yake. Asubuhi mnakuta barafu."

Tulitazamana. Mwenyekiti wetu, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha, alikohoa.

"Kwa hiyo, mwanangu, unasema jua ndilo linalogandisha maji."

"Ndiyo mama, kwa njia ya kuzunguka."

"Na siku jua likiwa kali sana?"

"Barafu inakuwa nyingi zaidi."

"Na tukiwasha moto chini yake?" aliuliza wifi yangu, dada wa Sikio, ambaye swali likimjia halimezi.

"Hata moto unaweza kufanya kazi hiyo."

"Yaani nikipika, maji yanaganda!" Wifi akapiga makofi, na chumba kizima kikacheka.

Mwalimu hakukasirika. Alichovya pamba kwenye chupa ya spiriti akatupaka viganjani mmoja mmoja, akasema tupulize. Kiganja kikawa baridi. Nilikielewa kiganja changu, lakini mashine sikuielewa, na mpaka leo sijaielewa sawasawa. Mkaa unaotamani mvuke! Mimi mkaa ninaoujua unatamani kibiriti.

"Jambo la mwisho," mwalimu alisema. "Haina mota. Haina feni wala umeme. Hakuna kinachozunguka ndani yake. Haitoi sauti yoyote."

Niligeuka kumtazama mume wangu. Alikuwa anatikisa kichwa kukubali, kwa utulivu, kama mzee wa shauri. Nikafurahi kwamba angalau mmoja wetu ameelewa. Ilinijia baadaye kwamba alikuwa anatikisa kichwa namna ile ile tangu mkutano uanze, hata pale Wifi alipouliza habari ya kupika.

Mashine ilikuja kufungwa wakati yeye ameitwa kutengeneza chumba cha baridi cha machinjio mji wa pili. Aliporudi tulishaanza kukata barafu. Jioni ile mimi nilikuwa ndani nachuja maziwa, nikamwona kupitia dirishani anakuja kuitazama peke yake. Aliizunguka. Bomba lenye mapezi ya bati ya kupoozea alilijua, akalipapasa huku akitabasamu. Sanduku jeusi lenye kioo juu alilitazama sana. Chini kulikuwa na kasha jeupe la tangi, limechomelewa pande zote, na nilimwona analigongagonga kwa kidole kama fundi aliyepata anachokitafuta. Akatoa bisibisi.

Aliiweka nyuma ya sikio, akafumba macho. Akafumbua. Akaihamishia kwenye bomba. Akarudi kwenye kasha. Akafungua mfuniko wa upande wa barafu, akaikuta barafu imejaa, akafunga, akaweka bisibisi tena, na safari hii alikandamiza mpaka uso ukakunjamana. Halafu akaishusha. Alisimama pale mikono imening'inia, akaondoka bila kunisalimia.

Nilisema moyoni, huyu ana wivu. Ameona friji isiyo na mota, isiyoharibika, isiyohitaji fundi, na imemuuma. Nilimwonea huruma kidogo na kumkasirikia zaidi.

Tangu siku hiyo hakufungua karakana. Alisema mgongo unamuuma. Wateja walikuja, akawaambia warudi, wakarudi, akawaambia warudi tena. Bisibisi aliitoa kwenye stuli akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, na hakuigusa. Friji yetu ya jikoni ilikuwa na kikohozi, nikamwonyesha kwa mkono, akatazama pembeni. Nikakaa naye mezani nikamwuliza usoni, kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto: "Una nini?" Akasema hana kitu. Aliniambia hivyo macho yakiwa mekundu, akaenda kulala na jua bado liko juu. Sikujua nimkumbatie au nimtwange.

Katikati ya hayo barafu nayo ikaanza kupungua. Mwanzo ikawa nyembamba, halafu ikawa maji yenye vipande, halafu ikawa maji tu. Maziwa ya jioni yakarudi kwa ndama. Mwalimu alikuja alasiri moja na vipimo vyake, akazunguka, akapapasa, akapima, akavua miwani na kuivaa tena. Hakuona kosa. Naye pia alionekana amechanganyikiwa, na hilo lilitutisha kuliko maneno yake.

"Inawezekana hewa ya nje imeingia ndani," alisema. "Ikiingia, mvuke hauna njia. Itabidi tuirudishe chuoni tuikate. Na sitawadanganya, mama zangu, ikishaondoka sijui kama itarudi. Kuna kikundi kingine kinaisubiri."

"Subiri kwanza," Mwenyekiti alisema. "Kabla hamjaibeba, Sikio aisikilize."

Wote wakaitikia. Ndiyo, Sikio aisikilize.

"Lakini mashine haina sauti," nikasema. "Atasikiliza nini?"

"Kila kitu kina sauti kwa kaka yangu," Wifi akajibu, kifua mbele.

Mwalimu aliinua mabega. Alisema atakuja na gari, na kama mzee akipata kitu, vizuri, asipopata wataibeba.

Jioni hiyo nilimkabili mume wangu uso kwa uso, nikamwambia Mwenyekiti anamwita kwa ajili ya mashine, na kwamba asiende. Alinitazama midomo kwa muda mrefu.

"Nisipoenda watasema nini?" akauliza.

"Watasema mgongo unauma!"

Alifikiri. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Mgongo ukiuma mara mbili, watu wanajua si mgongo."

Ningemwambia pale pale kwamba mashine haina mota, mambo yasingefika yalikofika. Lakini mimi nilidhani anajua. Fundi ni yeye! Mimi na spiriti yangu ya kiganjani ningemfundisha nini? Niliona tu mwanamume anaogopa kitu nisichokijua, nikanyoosha shati lake jeupe kwa pasi, na nikaichoma kola kwa sababu akili haikuwepo.

Asubuhi tulikusanyika uani kwa chumba cha maziwa. Mwalimu alikuwa ameshafika, gari limegeuzwa kinyumenyume tayari kupakia. Sikio alikuja na shati lake na kola ya kahawia, bisibisi mkononi. Alisalimia watu wote kwa kutikisa kichwa. Alipoinua bisibisi, uwanja ukanyamaza kama kawaida. Mwenyekiti alimziba mdomo mjukuu wake kwa kiganja.

Akagusa kasha. Akafumba macho. Nilikuwa nimesimama karibu, nikaona jasho linamtoka kwenye paji la uso na kushuka mpaka kidevuni, na hakulifuta. Akagusa bomba. Akagusa sanduku jeusi, akarudi kwenye kasha. Midomo ilikuwa inacheza. Hatimaye akafumbua macho, akatutazama wote, na akatabasamu lile tabasamu la mtu asiye na kosa.

"Naisikia," alisema. "Mota inazunguka vizuri. Ila kuna kugonga kidogo, upande wa kushoto. Ni beringi. Nikipata nafasi ya kulifungua hili kasha, nitaibadilisha."

Mwalimu alikuwa nyuma yake. Akasema kwa heshima, "Mzee wangu, haina mota."

Sikio alikuwa anaifuta bisibisi kwa kitambaa.

"Mzee," mwalimu akarudia, kwa sauti zaidi, "samahani, hii mashine haina mota ndani."

"Beringi zenyewe ninazo karakana," Sikio akaendelea kutuambia. "Msiwe na wasiwasi. Zimetulia kwenye rafu."

Mtu mmoja nyuma alianza kucheka, akafikiri Sikio anatania. Mwalimu akasema mara ya tatu, karibu na bega lake, na mume wangu akaendelea kufuta bisibisi, kwa makini, mpaka kwenye mpini. Kicheko kikakatika. Nilimwona Mwenyekiti anatoa kiganja mdomoni mwa mjukuu na kujiziba mwenyewe. Wifi alikuwa mlangoni na beseni, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyepigwa kofi bila kosa. Wote walikuwa wameelewa kwa pamoja. Aliyebaki hajaelewa kwamba tumeelewa ni yeye peke yake, amesimama katikati yetu na shati lake jeupe.

Nilisikia aibu, nilisikia hasira, nilitamani kuwafukuza wote na ndoo zao. Nikaenda. Nikamshika mabega, nikamgeuza anitazame, na kwa mara ya kwanza nikalisema jambo mbele ya uso wake.

"Haina mota."

Alikunja uso.

"Haina mota, baba watoto. Ni mkaa na spiriti. Haina kitu cha kuzunguka. Haina sauti."

Alinitazama midomo, kisha macho, kisha midomo tena.

"Haina sauti?"

"Haina."

"Hata wewe husikii kitu?"

"Hata mimi sisikii kitu! Hakuna mtu anayesikia kitu! Imenyamaza tangu siku ilipoletwa!"

Nilitegemea aibu. Nilitegemea atainamisha kichwa, nikawa nimeshajiandaa kumwondoa pale. Badala yake mume wangu alianza kucheka. Alicheka huku machozi yanamtoka, akaniegemea begani, akarudia, "Hata wewe husikii! Hata wewe husikii!" Watu walidhani amepata wazimu, na mimi nilidhani hivyo hivyo. Sikujua kwamba siku zote zile alikuwa anaamini mfupa nao umekufa. Aliweka bisibisi kwenye mashine iliyojaa barafu, mashine inayofanya kazi, na hakusikia kitu. Akasema basi, ndiyo mwisho wangu. Ndiyo maana hakuthubutu kuigusisha kwenye friji nyingine yoyote. Aliogopa kuhakikisha.

Wifi yangu hapendi kuonekana analia. Alituacha pale tumeshikana, akaenda na beseni lake kufanya kazi yake, huku anavuta makamasi. Alichukua vitambaa vya kuchujia maziwa, akavikung'uta, akavitandaza kimoja kimoja juu ya kioo cha sanduku jeusi, akavinyoosha pembe.

"Dada!" Mwalimu alipiga kelele ambayo sikudhani binti mpole anayo. "Unafanya nini?"

"Naanika."

"Hapo?"

"Sasa niweke wapi? Kamba imekatika siku nyingi." Wifi akafuta pua. "Na hapa panakausha haraka kuliko kamba. Mwenyekiti mwenyewe alinisifu. Nikianika asubuhi, mchana wanavikuta vimekauka kama karatasi."

"Mimi nilisifu vitambaa," Mwenyekiti akasema haraka. "Sikuuliza vimekaukia wapi."

Mwalimu alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alivua miwani, akajifikicha macho kwa vidole, na mabega yakaanza kumtikisika. "Mama zangu," alisema, "mmelifunika jua."

Ilibidi atueleze tena kutoka mwanzo, jua, mkaa, mvuke, tangi, na safari hii tulisikiliza, kwa maana tulikuwa na hatia. Wifi alisikiliza kuliko wote, akauliza kama angeanika nguo nyeusi ingekuwaje. Gari liliondoka tupu. Kamba mpya ilifungwa kabla ya saa sita.

Sisi hatukungoja. Mume wangu alinishika mkono akanivuta njia nzima, mzee mzima anatembea kama anakimbizwa. Hakwenda karakana. Aliingia jikoni moja kwa moja, akapiga magoti mbele ya friji yetu, ncha kwenye mota, mpini nyuma ya sikio, akafumba macho. Mimi nilisimama mlangoni nikabana pumzi, kama wateja wake wote wanavyobana.

"Inakohoa," akasema. Akacheka tena. "Mguu mmoja wa mpira umeisha, inagonga bati. Tangu lini inakohoa hivi?"

"Tangu nilipokuambia!"

Hakunisikia, alikuwa amenipa mgongo. Nikamzunguka, nikapiga magoti mbele yake, sakafuni, friji ikiwa ubavuni mwetu. Alinitazama, akaacha kucheka.

"Wewe ulijua," alisema.

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Mbona hukuniambia?"

Nikaonyesha karai la vyombo. Nikaonyesha kiti chake, kilichotazama upande mwingine. Nikaonyesha mdomo wangu. Aliangalia karai, akaangalia kiti, na akaelewa polepole, jambo moja baada ya jingine.

Kisha akafanya kitu ambacho, pamoja na ufundi wake wote, hakuwahi kukifikiria, kwa sababu kukifikiria kungemlazimu kukiri kwamba anakihitaji. Alichukua kitambaa changu cha mezani akakizungusha kwenye ncha ya bisibisi ili isinichome. Mpini akauweka nyuma ya sikio. Ncha akaigusisha kwenye kidevu changu, kwenye mfupa, taratibu, kama anavyogusisha kwenye mota ndogo.

"Sema," akaniambia, na akafumba macho.

Mwaka mzima nilikuwa nina ya kusema. Nilikuwa na ya vikombe, ya maji ya kuoga, ya mke mwenzangu mwenye kichwa cha mbao, ya mgongo wake, ya woga wangu. Yote yalinikimbia. Nilibaki nimepiga magoti na bisibisi kidevuni, na yeye anangoja.

"Baba watoto," nikasema. "Maji ya kuoga yamechemka."

Hakufumbua macho. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa. Alingoja kidogo, kama anavyongoja kila mara kabla ya kutoa hukumu.

"Sauti imekwaruza kidogo," alisema. "Lakini ni yenyewe."

"Imekwaruza kwa ajili ya kukupigia kelele wewe!"

"Usiondoe kidevu," akasema, akikandamiza mpini. "Endelea."